MAJI YA MOTO NA MZIGO WA KUNI

Somo hili lilisomwa redioni kwa ajili ya madarasa ya elimu ya watu wazima. Limepigwa chapa hapa ili wanafunzi walisome tena polepole, na wale waliokosa kusikia walipate.

Natumaini mmekwisha kukaa, na redio iko mahali ambapo kila mtu aweza kuisikia. Mwalimu wa darasa awe na chaki mkononi. Na ninyi wanafunzi, wekeni daftari na kalamu tayari, maana leo tutafanya hesabu kidogo. Msiogope. Ni hesabu za jikoni, na nyingi mnazifanya kila siku bila kuziandika.

Somo letu la leo ni maji ya moto. Labda mtu atasema, "Maji ya moto yana elimu gani? Unateka maji, unawasha moto, unangoja." Ni kweli. Lakini katika kungoja huko ndimo zinamopotea kuni. Na kuni zikipotea, hupotea pia fedha, nguvu za mama na wakati wa mtoto wa shule.

Nilipokwenda Busi, katika wilaya ya Kondoa, nilifika asubuhi wakati wa kipupwe. Upepo wa mwezi wa Julai ulikuwa ukivuma, na watu wamejifunika mashuka. Karibu kila nyumba ilikuwa ikitoa moshi. Nilimkuta bibi mmoja amekaa karibu na mafiga yake, na juu ya moto sufuria kubwa imejaa maji, wazi, inatokota.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja na baridi."

Nikamwuliza maji yale ni ya nini. Akanijibu kwamba ni ya wajukuu kuoga. Nikamwuliza wajukuu wako wapi. Akacheka. "Mmoja bado amelala. Mwingine amekwenda kutafuta kuni."

Basi, ndugu zangu, fikirini jambo hilo. Mtoto mmoja amekwenda kutafuta kuni, na hapa nyumbani kuni zinachemsha maji ambayo hakuna mtu wa kuyaoga. Mimi sikumcheka bibi yule, kwa sababu kwetu pia tulikuwa tukifanya vivyo hivyo. Lakini kabla sijaondoka aliniambia neno ambalo sikulisahau. Alisema kuwa kuni zikipungua nyumbani, hapana anayeacha kusonga ugali. Kinachoachwa kwanza ni kuchemsha maji ya kunywa.

Neno hilo ndilo lililonifanya niandike somo hili. Tunaweka akiba ya kuni ili tuwe na kuni za kutosha kwa maji yale ambayo lazima yachemke.

NCHI YETU NA MITI YAKE

Wenyeji wa Kondoa hawana haja ya kuelezwa maana ya makorongo. Mnayaona. Mvua ikinyesha juu ya ardhi iliyo uchi, maji huchukua udongo mzuri na kuacha mfereji, na mwaka wa pili mfereji huwa korongo linaloweza kummeza ng'ombe.

Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao watu waliuita HADO kwa kifupi. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika sehemu ya Kondoa iliyoharibika sana, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,256. Lilikuwa jambo zito kwa wenye ng'ombe na mbuzi. Lakini baada ya miaka michache majani yalirudi, na vichaka na miti ikaanza kuota tena penye udongo mwekundu mtupu. Na mwaka 1980 redio yetu ilikuwa na kampeni ya masomo kwa vikundi vya watu wazima iitwayo "Misitu ni Mali". Wazee wengine wanaonisikiliza leo labda walikuwa katika vikundi hivyo.

Mradi ule umepita, lakini funzo lake limebaki. Mti uliorudi kwa shida namna hiyo haufai kukatwa ili kuchemsha maji yatakayomwagwa.

HESABU YA JOTO

(Mwalimu wa darasa aandike ubaoni: LITA, DIGRII, KIPIMO.)

Sasa chukueni kalamu. Joto twaweza kulipima kama tunavyopima unga. Tuseme kwamba kipimo kimoja cha joto ni kile kinachotosha kupandisha lita moja ya maji kwa digrii moja. Rudieni pamoja: lita moja, digrii moja, kipimo kimoja.

Maji ya asubuhi kwenye mtungi, tuseme yana digrii 20. Maji mazuri ya kuoga yana digrii kama 40. Maji yanayochemka pwani yana digrii 100, lakini kwetu Kondoa, kwa sababu tuko juu, maji huchemka mapema kidogo, kwenye digrii kama 95.

Hesabu ya kwanza. Unataka lita 10 za maji ya kuoga. Yapande kutoka digrii 20 mpaka 40, yaani digrii 20. Zidisha 10 kwa 20. Mnapata ngapi? Vipimo 200.

Hesabu ya pili. Mtu amechemsha lita zote 10 mpaka yatokote. Yamepanda kutoka 20 mpaka 95, yaani digrii 75. Zidisha 10 kwa 75. Ni vipimo 750. Kisha anayaona ni ya moto mno, anayaacha yapoe. Ametumia vipimo 750 kwa kazi ya vipimo 200. Vipimo 550 vimekwenda hewani.

Hesabu ya tatu. Mtu mwingine amechemsha lita 3 tu. Zidisha 3 kwa 75. Ni vipimo 225. Akatia katika ndoo lita 7 za maji ya baridi, kisha akaongeza zile lita 3 za moto. Amepata lita 10 zenye joto la digrii kama 42. Hayo ni maji ya kuoga, tena moto wa kutosha kwa asubuhi ya Julai.

Tazameni tofauti. Wote wawili wameoga kwa lita 10. Mmoja ametumia vipimo 750, mwingine 225.

Basi kanuni ya kwanza iandikeni hivi: PIMA MAJI KABLA YA KUWASHA MOTO. Kama wa kuoga ni wanne, chemsha lita 12, siyo sufuria nzima kwa sababu sufuria ni kubwa.

JOTO HUPOTELEA WAPI?

Kilo moja ya kuni kavu ina vipimo kama 3,600 vya joto ndani yake. Mtu akisikia hivyo atasema, "Mbona kilo moja ingetosha kuogesha watu kumi na sita?" Ingetosha, kama joto lote lingeingia katika maji. Lakini kwenye mafiga matatu, penye upepo, mara nyingi ni sehemu moja tu katika kumi inayofika kwenye maji, au zaidi kidogo. Nyingine huchukuliwa na upepo, hupasha mawe, hutoka na moshi. Kwa hiyo katika vipimo 3,600 tunapata kama 360 tu. Tuone wezi wa joto mmoja mmoja.

Mwizi wa kwanza ni upepo. Moto unaolala upande mmoja haupashi sufuria, unapasha uwanja. Zungusha ukuta mdogo wa udongo, au jenga jiko banifu. Jiko hili hujengwa kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa. Mdomo wake ni mdogo, na sufuria hukaa ndani yake ikiacha nafasi ya upana wa kidole tu kati yake na ukuta. Hapo moto hauna pa kukimbilia ila kuikumbatia sufuria. Jiko lililojengwa vizuri laweza kufikisha kwenye maji mara mbili ya joto linalofikishwa na mafiga.

Mwizi wa pili ni kuni mbichi. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Mama aliyebeba kichwani kilo 20 za kuni mbichi, amebeba karibu lita 10 za maji asiyoweza kuyanywa. Akifika nyumbani, moto unaanza kwanza kuyakausha maji yaliyomo ndani ya kuni, ndipo upashe yaliyomo ndani ya sufuria. Ndiyo sababu ya moshi mwingi na macho mekundu. Pasua kuni ziwe nyembamba, zipange chini ya paa zisinyeshewe, na uzitumie baada ya miezi kadhaa.

Mwizi wa tatu ni sufuria isiyofunikwa. Mvuke unaouona ukipanda ni joto linaloondoka. Lita moja ya maji ikigeuka yote kuwa mvuke huondoka na vipimo kama 540. Kuchemsha lita moja mpya kutoka mtungini hutaka vipimo 75 tu. Gawanyeni 540 kwa 75. Ni 7 na kidogo. Maana yake, kila lita moja inayopotea kwa mvuke imeondoka na joto la kuchemsha lita saba nyingine. Kifuniko ni kitu kidogo, hata kipande cha bati safi au sinia la zamani hufaa.

Mwizi wa nne ni kungoja. Maji yakisha chemka hayazidi kuwa moto hata ukiongeza kuni. Digrii 95 ni 95. Kinachozidi ni mvuke tu. Basi maji yakichemka, vuta kuni nje, zizime kwa mchanga, zitakufaa jioni.

MAJI YA KUNYWA

Hapa sikilizeni vizuri, maana nisingependa mtu aseme kwamba redio imemkataza kuchemsha maji. Maji ya kunywa yanayotoka korongoni, kisimani au bwawani lazima yachemke, kama hayakutiwa dawa. Vijidudu vya kipindupindu, kuhara na homa ya matumbo hatuvioni kwa macho, lakini vinakufa kwa moto.

Je, yachemke kwa muda gani? Wengine wameambiwa robo saa, na kwa sababu robo saa hula kuni nyingi, wameacha kabisa. Jibu ni hili: yakitokota kwa nguvu sufuria nzima kwa dakika moja, yametosha. Hesabu polepole mpaka 60, kisha epua. Acha yapoe yakiwa yamefunikwa, na uyatie katika chombo safi chenye mdomo mwembamba, ambamo mtu hawezi kutumbukiza mkono wala kikombe kichafu. Maji mazuri ya kunywa yakiguswa na kidole kichafu yamerudi kuwa mabaya, na kuni zako zimekwenda bure.

Dakika moja badala ya kumi na tano. Hiyo ndiyo akiba ambayo haimdhuru mtu.

SWALI LA MAMA MMOJA

Nilipoyaeleza mambo haya darasani Busi, mama mmoja alisimama akauliza, "Mwalimu, na mzazi je? Akijifungua tunamkanda kwa maji ya moto siku nyingi. Hapo pia tupunguze?"

Nikamjibu hivi. Sikuja kuwafundisha akina mama namna ya kumtunza mzazi. Shaurianeni na mkunga au mwuguzi wa zahanati, hasa maji yasiwe ya kuunguza. Lakini wala hapana haja ya kuwa na moto mkubwa kutwa nzima kwa ajili ya mzazi. Maji yachemshwe mara moja, kisha yatunzwe yasipoe. Na njia ya kuyatunza ni kikapu.

KIKAPU CHA JOTO

Chukua kikapu kikubwa au sanduku la mbao. Ndani yake shindilia majani makavu, au maganda ya mtama, au matambara, unene wa kiganja kila upande na chini. Katikati acha shimo la kiasi cha sufuria. Shona mto wa gunia, uujaze majani yale yale, uwe kifuniko. Maji yakichemka, funika sufuria, ifute, itie ndani ya kikapu, weka mto juu, usifungue mpaka saa ya haja. Maji yaliyochemshwa jioni utayakuta asubuhi bado yana joto. Angalia tu kwamba hapana kaa la moto lililonata chini ya sufuria, maana majani yatashika moto.

Kikapu hiki ni ndugu ya chupa ya chai. Chupa ya chai ilitokana na kazi ya mtaalamu James Dewar huko London mwaka 1892. Aliweka chombo ndani ya chombo, akaiondoa hewa iliyo katikati, na joto likakosa njia ya kupita. Sisi hatuwezi kuondoa hewa, lakini twaweza kuizuia isitembee. Majani makavu yanaifunga hewa mahali pake, kama blanketi linavyofanya usiku.

JUA HALITOZI FEDHA

Mkoa wa Dodoma una upungufu wa mvua, lakini hauna upungufu wa jua. Chukua dumu safi lenye rangi nyeusi, au ulipake rangi nyeusi kwa nje, kwa kuwa rangi nyeusi hunywa joto na rangi nyeupe hulitupa. Lijaze maji, lilaze juu ya gunia au majani makavu mahali pasipo na upepo, ubavu wake mpana uelekee jua. Liache toka saa nne ya asubuhi mpaka saa tisa. Siku ya jua kali yatakuwa ya moto wa kutosha kuogea. Jua likishuka, lifunike blanketi la zamani.

Lakini nina maonyo mawili. Usitumie dumu lililokuwa na dawa ya wadudu wa shamba, hata ukiliosha mara mia. Na maji ya dumu hili ni ya kuoga na kufulia tu. Usiyanywe, maana kuwa ya vuguvugu siyo kuchemka.

MKAA NA UMEME

Wako wasikilizaji walio mjini, Kondoa na Dodoma, ambao hawabebi kuni ila wananunua mkaa. Kwenye matanuri ya udongo, kilo moja ya mkaa hutaka kilo kama sita za kuni au zaidi. Kwa hiyo mkaa mwepesi ulio mkononi mwako ni mti mzito uliobaki porini. Hesabu ya lita 3 na lita 7 inakuhusu wewe pia, tena wewe utaiona haraka, kwa sababu gunia litakaa siku nyingi zaidi. Na nakuomba, usiingize jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ili kupasha maji au kujipasha wewe. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu wamelala wasiamke.

Umeme nao umefika vijiji vingi. Uniti moja ya umeme ni vipimo 860 vya joto. Lita 3 zetu za kuoga hutaka 225. Basi birika la umeme hutumia kama robo ya uniti, au zaidi kidogo, kwa mtu mmoja kuoga. Tazama bei ya uniti kwenye risiti yako, ugawanye kwa nne, ulinganishe na bei ya mkaa. Wengine watashangaa. Lakini birika lijazwe kwa kipimo kile kile. Ukichemsha lita mbili ili kunywa kikombe kimoja cha chai, umelipia vikombe vingi usivyokunywa.

Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, na shabaha yake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 waitumie. Hilo ni jambo jema. Lakini gesi na umeme pia huisha, tena kwa fedha taslimu. Mwenye kuzoea kupima maji yake leo kwenye mafiga, atapima na kesho kwenye gesi.

NENO JUU YA WATOTO

Maji ya moto yameunguza watoto wengi. Katika beseni tia maji ya baridi kwanza, ndipo uongeze ya moto. Jaribu kwa kiwiko chako kabla mtoto hajaingia. Sufuria ya maji yanayochemka isiwekwe chini njiani, na mafiga yenye ukuta hayapinduki upesi kama mawe matatu.

KAZI YA DARASA

Wiki hii fanyeni jaribio. Chukueni sufuria mbili za namna moja, kila moja lita 3 za maji. Pimeni matita mawili ya kuni kavu, uzito mmoja. Sufuria moja ifunikwe, nyingine iachwe wazi. Maji yakichemka, pimeni kuni zilizobaki kila upande. Andikeni hesabu ubaoni, wote waione.

Kisha kila mtu aandike nyumbani kwake mistari miwili: wiki hii tumetumia mizigo mingapi ya kuni, au mkaa wa shilingi ngapi, na wiki ijayo, baada ya kupima maji na kufunika, tumetumia mingapi. Msiandike ili kunifurahisha mimi. Andikeni kilicho kweli.

Na hili ni swali la kumalizia. Nyumba ina watu sita, kila mmoja anahitaji lita 3 za maji yaliyochemka. Ni lita ngapi? Ni vipimo vingapi? Na kama kilo moja ya kuni huleta vipimo 360 kwenye maji, ni kilo ngapi za kuni? Majibu ni haya, lakini funikeni kwa mkono mpaka mmalize: lita 18, vipimo 1,350, kilo 3 na robo tatu. Kwenye jiko banifu ni chini ya kilo 2.

Nilirudi kwa yule bibi jioni ya siku ile kumwaga. Sufuria kubwa ilikuwa imeinamishwa kando, na juu ya moto palikuwa na ndogo, imefunikwa kwa sinia. Akaniambia, "Hii ni ya kunywa, mwanangu. Nimehesabu mpaka sitini." Mjukuu wake alikuwa karibu yake, anasoma kwa mwanga wa moto.

Wasikilizaji wapenzi, hapa ndipo mwisho wa somo letu. Mwalimu wa darasa azime redio, na mazungumzo yaanze. Kwa herini ya kuonana.